Ncha ya Pili ya Kamba

Jumapili asubuhi, Mong'ina alitoa kiota cha kuku katika tumbo la mashine ya gemu, akakiweka nje juani, kisha akarudi ndani kuondoa umeme uliobaki kwenye tyubu, ile chupa ya kioo cha picha. Alizungusha waya kwenye shina la bisibisi, akaubana waya huo kwenye fremu ya chuma, akaipenyeza bisibisi chini ya kifuniko cha mpira kilicho mgongoni mwa kioo. Hakukusikika mlio wowote. Mashine hiyo ilikuwa haijaonja umeme kwa miaka mingi, lakini fundi anayesema tyubu imekufa kwa kuitazama tu anajitafutia mazishi yake mwenyewe.

Karakana yake ilikuwa Kiogoro, kando ya barabara, kati ya kinyozi na mwuza mbolea. Alitengeneza runinga, redio na pasi, lakini waliomlisha hasa ni makanisa, kwa kuwa hakuna kitu kinachoungua Kisii nzima kama amplifaya ya kanisa. Hakuwa na shaka na mikono yake, na hakuona sababu ya kuwa nayo. Mtu akimwuliza kama kitu kitapona, alijibu kwamba kitapona, kisha akaanza kukifungua.

Mashine yenyewe ilikuwa kabati la plaiwudi lililomzidi kimo, na ubavuni lilichorwa chombo cha anga kikikimbizwa na viumbe wenye macho mekundu. Iliwahi kukaa Kisii mjini, katika duka la michezo lililokuwa karibu na msikiti, mali ya babu yake Ladan, yule mama mwenye hoteli ya chai, na vijana wa wakati huo walitoroka shule kwa ajili yake. Obwocha, babake Mong'ina, ndiye aliyekuwa mlinzi na mfagiaji wa duka hilo. Lilipofungwa, babu yake Ladan alimpa Obwocha mashine hii moja, kwa sababu ilikuwa imekataa kuwaka na kwa sababu wao wawili walikuwa wamezeeka pamoja. Obwocha aliipeleka nyumbani Gesima kwa trekta ya majani chai, akaisimamisha barazani ikitazama shamba. Hakuna aliyeuliza ni ya nini. Kuku walielewa upesi.

Obwocha alipokufa, mwanawe Okemwa alibaki na nyumba, ng'ombe na shamba. Mong'ina alikuwa na kipande chake cha chini, karibu na kijito, ambacho baba yao alimkatia alipoanza kuumwa, akakipandia safu ya miti ya mpaka. Matanga hayajapoa, Okemwa aliing'oa safu hiyo, akaipanda upya kwenye ukingo wa kijito. Miti ikashika vizuri, maana Okemwa ana mkono mzuri wa kupanda. Kipande cha Mong'ina kikabaki matope na vyura.

Alikuwa amepanga kujenga pale. Hakuwa ameolewa na hakuwa na haraka hiyo, ila alijua jambo moja ambalo kila mwanamke wa kwao analijua: asiye na kipande chake huzikwa pembeni, nje ya ua, kama mgeni aliyefia safarini. Hilo lilimuuma kuliko kupoteza majani chai ya kipande hicho. Aliwaita wazee wa ukoo. Wazee wakauliza nani alishika kamba, kwa maana huko mpaka hupimwa kwa kamba, mwenye shamba anashika ncha moja na jirani anashika ya pili, na mpaka ambao jirani hakuushikia kamba si mpaka. Mong'ina alisema ni Onyancha, jirani wa upande wa chini. Baba yake mwenyewe alimwambia hivyo. Onyancha, ambaye ni mzee wa kanisa la Sabato, aliuliza ilikuwa siku gani. Mong'ina akasema Jumamosi. Onyancha akasema Jumamosi hiyo alikuwa kanisani kama watu wote, na kwa kuwa kanisani kila mtu hutazama mbele, hakuna aliyeweza kusema hakumwona.

Kesi ikaisha hapo. Okemwa, ambaye si mtu mbaya na hupenda kila mtu aondoke na kitu mkononi, alimwambia dada yake achukue lile kabati la kuku.

Basi alikuwa anaitengeneza. Alibadilisha kapasita zilizovimba, akakwangua kutu ya kijani pale betri ilipovujia saketi, akaunga upya njia zilizokatika kwa nyuzi za shaba alizozichomoa kwenye transfoma iliyokufa. Plaiwudi ya chini ilikuwa imeoza kwa mavi ya kuku, akakata nyingine. Kirungu cha kijiti cha kuongozea kilikuwa kimepotea, naye akamwagiza mchongaji mmoja wa Tabaka amchongee kingine cha mawe ya sabuni, yale mawe laini ya Kisii, cheupe chenye mshipa wa waridi. Ladan alipita siku moja akielekea mjini, akasimama mlangoni.

"Mama fundi, hii si ile ya babu?"

"Ndiyo yenyewe."

"Itawaka?"

"Itawaka."

"Ikiwaka ilete kwangu hotelini," alisema Ladan. "Vijana wanakunywa chai huku wameinamia simu. Afadhali wainamie kitu kimoja."

Iliwaka Jumatano, saa za chai ya saa nne. Kwanza taa za juu, halafu mlio, halafu viumbe wenye macho mekundu wakateremka kwa mistari kama walivyofundishwa. Nyuma yao, kwa rangi hafifu, kulikuwa na picha nyingine. Mong'ina hakushangaa. Fundi yeyote wa runinga anajua kwamba picha ikikaa mahali pamoja muda mrefu, kioo huishika na hakiiachi tena. Ameona runinga za baa zenye nembo ya kituo kwenye kona hata zikiwa zimezimwa. Kioo hiki kilikuwa kimetazama shamba la Obwocha miaka yote ile, kwa hiyo kilikuwa na shamba la Obwocha. Aliona mteremko, migomba, majani chai, kijito, na kanisa juu ya kilima cha ng'ambo.

Tofauti yake na nembo za baa ni kwamba migomba ilikuwa ikipepea. Mong'ina akasogeza kigoda.

Mlango wa nyumba ulifunguka upande wa juu wa kioo na baba yake akatoka, mgongo kwanza, akivuta gunia la miche. Alikuwa amevaa lile koti la mlinzi. Aliteremka polepole, akipumzika kila baada ya hatua chache, kwa sababu alikuwa tayari mgonjwa. Kutoka kwenye spika, chini ya milio ya vita, zilisikika nyimbo za kanisani kutoka mbali. Kituo cha kununulia majani kilikuwa kimefungwa na barabarani hakukuwa na mtu. Ilikuwa Jumamosi bila shaka. Na huko chini, shambani kwake, Onyancha alikuwa ameinama akipalilia vitunguu.

Obwocha alimwita. Onyancha aliangalia juu kanisani, akaangalia huku na huku, akaja akashika ncha ya pili ya kamba. Obwocha akapanda miti yake kwa kuifuata kamba hiyo, akarudi ndani, na mlango ukafungwa. Kisha ukafunguka tena, akatoka tena, mgongo kwanza, na gunia lake.

Mong'ina alitazama mpaka kinyozi wa jirani akaja kuuliza kama anauza chaja. Alimlilia baba yake kidogo, akafuta uso kwa kitambaa cha kufutia saketi, kisha akajaribu kupiga picha kwa simu. Simu haikushika chochote isipokuwa michirizi, kama kawaida ya simu mbele ya tyubu. Akampigia mzee Angwenyi, mwenyekiti wa wazee, akamwambia ana shahidi. Angwenyi akauliza shahidi ni nani. Mong'ina akamjibu kuwa ni mashine ya gemu. Angwenyi akasema Jumapili itafaa.

Jumapili ilipofika, Mong'ina aliipakia mashine kwenye pikapu iliyokuwa ikienda Gesima kuchukua ndizi. Okemwa alimsaidia kuishusha, akaiweka palepale barazani ilipokaa zamani, akapitisha waya wa umeme dirishani mwake bila kuombwa. Mkewe akaleta chai. Wazee walipanga viti vyao mbele ya kioo na Onyancha akapewa kiti cha mbele kwa heshima ya kanisa. Mong'ina akawasha.

Wazee wawili waliinua kofia Obwocha alipotoka mlangoni, na mmoja akasema kwamba koti lile lilizikwa naye, wasikosee wakadhani limeibwa. Angwenyi aliomba milio ya vita ipunguzwe kidogo kwa kuwa ilikuwa inaharibu wimbo. Mong'ina akapunguza. Onyancha alipofika kwenye picha na kushika kamba, kila mtu alimgeukia Onyancha aliyekuwa kwenye kiti.

"Huyo ni mimi," alisema Onyancha. "Hiyo shati bado niko nayo."

"Na jembe?" Angwenyi aliuliza.

"Jembe pia ni yangu. Nilikuwa napalilia vitunguu. Mvua ilikuwa inakaribia."

Wazee waliitikia kwa vichwa. Mvua hiyo waliikumbuka. Iliozesha vitunguu vya watu wengi.

"Kwa hivyo ulishika kamba," alisema Mong'ina.

"Nilishika. Si inaonekana?"

"Waambie wazee basi."

Onyancha alishusha kikombe. "Naweza sema nilishika. Siwezi sema nilishika Sabato."

Wazee walienda kushauriana kwenye migomba. Mong'ina alibaki barazani na kaka yake, na kwenye kioo baba yao alikuwa akitoka tena na gunia. Okemwa alikuwa amesogea karibu sana. Alinyoosha kidole akagusa kioo pale penye bega la baba yake, na vumbi la kioo likamchoma kidogo kwa umeme, lakini hakuondoa kidole.

"Tata alikuwa amekonda hivi?" aliuliza, akitumia jina walilomwitia baba yao utotoni.

"Alikuwa amekonda."

"Sikuona. Nilikuwa namuona kila siku."

Wazee walirudi. Angwenyi hakukaa. Alisimama akaegemea fimbo yake, naye alikuwa mtu aliyempenda Mong'ina tangu akiwa mtoto, na sauti yake ilionyesha hivyo.

"Mong'ina, mtoto wetu. Tumeona. Hakuna mtu hapa atasema hatujaona. Obwocha alipanda mpaka, Onyancha alishika kamba, na kamba ilikuwa imenyooka. Lakini hiyo siku si ya kazi. Kitu mtu amefanya Sabato ni kama hajafanya. Tukisema mpaka ulipandwa, itabidi kanisa limkalishe Onyancha chini na kumsimamisha kazi zake, na paa ya kanisa iko mikononi mwake na haijafika katikati. Mvua itanyeshea watoto."

"Na kung'oa?" aliuliza Mong'ina. "Okemwa aling'oa siku gani?"

Angwenyi alimgeukia Okemwa.

"Jumatatu," alisema Okemwa.

"Jumatatu ni siku ya kazi," alisema Angwenyi kwa masikitiko. "Hiyo inahesabika."

Mong'ina alikasirika mpaka akasikia masikio yakiwaka. Aliwaambia wazee kwamba wameona kwa macho na wamekataa kwa mdomo, na kwamba yeye hutengeneza vitu vilivyoungua, si watu. Walimsikiliza kwa adabu hadi mwisho. Mmoja wao alikubali kwamba maneno yake yalikuwa ya haki, akaomba chai iongezwe. Onyancha alimpa mkono, akamwambia atamwombea, na Mong'ina akajua kwamba kweli atamwombea.

Alipoanza kukunja waya, Okemwa alishika kabati.

"Dada, niachie hii. Mimi ndiye nilikaa na tata hapa. Sasa unampeleka mjini kwa watu."

"Rudisha mpaka, nikuachie."

Okemwa alitazama kule chini, halafu akatazama kioo, ambacho kilikuwa kimezimwa na kilikuwa kinaonyesha uso wake tu.

"Alikupa," alisema. "Sikatai. Lakini kule chini nimeshazoea."

Mashine ilirudi mjini juu ya ndizi. Ladan aliiwekea nafasi karibu na dirisha, mbali na mvuke wa jiko, akatandika zulia dogo mbele yake. Walipoiwasha, viumbe wenye macho mekundu waliteremka kwa mistari yao, mlango ukafunguka, na Obwocha akatoka na gunia. Lakini huko chini, kana kwamba hata kioo kilikuwa kimesikia hukumu ya wazee, Onyancha hakuwa akipalilia. Alikuwa ananawa miguu kijitoni. Alivaa viatu, akavaa koti, akachukua Biblia iliyokuwa juu ya jiwe, akapanda kilima akaingia kanisani, na kwenye spika nyimbo zikaongezeka sauti moja nzito.

Obwocha alifunga ncha moja ya kamba kiunoni mwake, akairusha ya pili upande wa jirani. Ikalala kwenye nyasi. Akaita. Akangoja. Alikaa juu ya gunia lake, akatazama kamba, akatazama juu kanisani, na mwishowe akairudisha miche ndani bila kuipanda. Mlango ukafungwa, kisha ukafunguka tena.

"Anangoja nani?" aliuliza Ladan.

"Mtu wa kushika kamba."

Ladan aliwaza kidogo, mikono yake ikiwa bado na unga wa sambusa. "Si hicho chombo kinafika mpaka pale chini?"

Ni kweli kilifika. Katika gemu hiyo chombo cha mchezaji hakipandi wala hakishuki. Huenda kushoto na kulia tu, chini kabisa ya kioo, na hapo ndipo kamba ilipoangukia. Mong'ina alishika kijiti, akakipeleka chombo polepole mpaka pua yake ikaigusa ncha ya kamba. Obwocha alihisi uzito. Aliinuka kwenye gunia, akavuta kidogo kujaribu kama aliyeshika ameshika kweli, na kamba ikakaza. Hakutazama ni nani. Mtu anayepima mpaka huitazama kamba.

Sasa kazi ikawa kutosogea. Mtu akisimama mahali pamoja katika gemu hiyo hupigwa, kwa maana viumbe wa juu hawana kazi nyingine. Mong'ina alipigwa. Chombo kikalipuka, kamba ikalegea, Obwocha akasimama na mche mkononi. Kikaja chombo kingine, Mong'ina akakirudisha palepale, na kamba ikakaza. Hakufyatua risasi hata moja, kwa kuwa risasi zilikuwa zinapita juu ya kichwa cha baba yake. Chombo cha mwisho kilipolipuka, Obwocha alikuwa ameshindilia udongo kwenye mche wa mwisho. Alikunja kamba, akaishika safu yake kwa macho kuanzia juu hadi chini, akaingia ndani. Maandishi yakamwambia Mong'ina kwamba ameshindwa. Yeye aliona kwamba ameshinda, akamwambia Ladan hivyo, na Ladan akakubali.

Vijana walilalamika mwanzoni. "Mathe, huyu buda anatuziba," mmoja alimwambia Ladan, akimwonyesha mzee kwenye kioo. Ladan akawaambia kwamba mwenye kutaka kucheza amshikie mzee kamba kwanza, acheze baadaye, na asiyetaka anywe chai aende. Wakazoea. Ikawa desturi ya hoteli hiyo, kama kunawa mikono. Wengine wakawa hodari kabisa, wanamaliza safu nzima wakiwa bado na chombo kimoja, na Mong'ina huja mara kwa mara kusafisha swichi za kijiti, kwa sababu zinachakaa upande mmoja zaidi ya mwingine. Ramani ya nyumba yake ameibandika karakanani. Ina vyumba vitatu na baraza, na baraza inatazama kijito. Akiulizwa atajenga lini, husema atajenga, kwa sauti ileile anayosema runinga itapona.

Okemwa huja Jumapili. Huleta mkungu wa ndizi, na mtu akimwuliza zimetoka wapi hasemi uongo.

"Za kule chini," humwambia dada yake. "Zako hizo. Zimezaa sana mwaka huu."

Mong'ina huzipokea, kwa kuwa ni zake. Kisha humwambia arudishe mpaka, na Okemwa huitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeambiwa habari za hali ya hewa, hunawa mikono, husimama mbele ya mashine. Vijana humpisha. Hakuna mwenye mkono mtulivu kama wake hoteli nzima. Hukileta chombo kwenye kamba mara moja, bila kutafuta, na hukishikilia pale bila hata kutetemeka, huku machozi yakimtiririka waziwazi mbele ya watu wanaokula sambusa. Hapigwi. Viumbe wa juu humkosa kwa unywele, upande huu na upande ule, naye hasogei, na baba yake huteremka mteremko akipanda mche baada ya mche, bila kuharakishwa, hadi kwenye kijito.

Jumapili iliyopita safu ilitoka nzuri kuliko zote. Hata Ladan aliacha jiko akaja kuiona. Obwocha alisimama juu, akaitazama, na kwa mara ya kwanza akaketi barazani kwake badala ya kuingia ndani.

"Okemwa," Mong'ina aliuliza, "mpaka uko wapi?"

"Si uko hapo," alisema Okemwa, akiuonyesha kwa kidole kwenye kioo, juu hadi chini. "Umenyooka kabisa."

Akajifuta uso, akavaa kofia yake, akamuaga dada yake kwa mikono miwili. Aliondoka mapema, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumatatu, na kule chini majani chai yalikuwa tayari kuchumwa.